Mgeni wa kukaribishwa na mgeni wa kupanga: haki za mpangaji kutoka nje ya nchi mjini Malindi

Kauli kwamba mgeni hana haki katika nyumba ya watu husikika mara nyingi mjini Malindi. Huitoa mwenye nyumba anayetaka kumwondoa mpangaji aliyetoka Tanga au Bujumbura, na jambo la kusikitisha zaidi ni kwamba huitoa pia mpangaji mwenyewe, ambaye hufungasha virago usiku akiamini kwamba hana pa kulalamikia kwa kuwa kitambulisho chake si cha Kenya. Mkanganyiko huu una vyanzo kadhaa, na kimoja kimo ndani ya lugha yetu. Neno mgeni hubeba watu wawili tofauti: yule aliyekaribishwa nyumbani, na yule aliyetoka nchi nyingine. Wa kwanza hukaa kwa hisani ya mwenyeji wake, na ndiye aliyesemewa kwamba siku ya tatu apewe jembe. Wa pili, akishalipa kodi na kukabidhiwa ufunguo, hakai tena kwa hisani ya mtu. Ni mpangaji.

Tofauti hiyo ndiyo msingi wa yote yatakayofuata, kwa hiyo inafaa tuitulize hapa kidogo. Mtu anayelala kwenye kochi la shemeji yake katika mtaa wa Barani, hata akichangia unga na stima kila mwezi, kwa kawaida ni mgeni wa nyumba, naye anaweza kuombwa aondoke wakati wowote kwa muda wa kiungwana. Anayelala gesti kwa siku nne, au aliyekodi villa ya Casuarina kwa wiki mbili za likizo, ni mteja wa malazi. Mpangaji ni yule aliyekabidhiwa sehemu iwe yake peke yake kwa muda wa malipo, akaifunga kwa kufuli lake, na ambaye hata mwenye nyumba akitaka kuingia humo hana budi kubisha hodi na kungoja aitikiwe. Chumba kinaweza kuwa kimoja, choo kikawa cha watu wote na jiko likawa uani, lakini ukishapita mlango ule unaofungwa kwa ufunguo wake, humo ndani ni kwake.

Je, kuwa raia wa nchi nyingine kunabadilisha hali hiyo? Katiba ya Kenya ya 2010 inajibu kwa uchaguzi wa maneno, na anayeisoma kwa makini ataona jinsi waandishi wake walivyotenga sehemu inayosema kila raia na ile inayosema kila mtu. Haki ya kuingia, kubaki na kuishi popote nchini, katika Kifungu cha 39, ni ya kila raia. Haki ya makao yanayofaa na usafi wa kiasi cha kuridhisha, katika Kifungu cha 43, ni ya kila mtu, na vivyo hivyo heshima ya utu katika Kifungu cha 28, na kinga dhidi ya kupekuliwa nyumba au kunyang'anywa mali ovyo katika Kifungu cha 31. Serikali inaweza kuamua nani aingie nchini na akae kwa muda gani. Lakini aliyemo ndani ya chumba alichokilipia ni mtu, na maneno ya Katiba yanamfikia.

Nadhani dhana potofu imetokana na kifungu kingine, cha 65, kinachosema kwamba asiye raia anaweza kushikilia ardhi kwa mkataba wa kukodi tu, tena usiozidi miaka 99. Malindi ni mji uliozoea mambo hayo, kwa kuwa Waitaliano wamejenga na kununua nyumba hapa kwa miongo mingi, na mazungumzo ya nani anaweza kumiliki kiwanja cha ufukweni hayaishi barazani. Kutoka hapo watu wameruka hatua moja: mgeni hawezi kumiliki ardhi moja kwa moja, basi mgeni hana haki yoyote katika nyumba. Kifungu chenyewe kinasema karibu kinyume chake. Kukodi ndiko mlango ambao sheria imemwachia asiye raia, na anayepanga chumba Maweni kwa mwezi anaupitia mlango uleule apitao mwenye villa ya miaka 99.

Pamoja na hayo, kuna kamba mbili ambazo haifai kuzifunga fundo moja. Ya kwanza ni uhamiaji, yaani ruhusa ya mtu kuwapo nchini. Hiyo iko chini ya Sheria ya Uraia na Uhamiaji ya 2011, na wasimamizi wake ni maafisa wa serikali. Mgeni anayekusudia kukaa zaidi ya siku 90 anatakiwa ajisajili, na anayetaka kufanya kazi huhitaji kibali. Raia wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki wana nafuu fulani kutokana na itifaki ya soko la pamoja iliyoanza kutumika mwaka 2010, lakini nafuu si msamaha wa karatasi zote. Wakimbizi na waomba hifadhi wana sheria yao ya 2021, yenye masharti yake kuhusu maeneo ya kuishi. Kamba ya pili ni upangaji, yaani makubaliano baina ya mwenye nyumba na anayeishi humo.

Mwenye nyumba ana sababu halali ya kuuliza kuhusu kamba ya kwanza. Sheria inamwadhibu anayemhifadhi mtu huku akijua kwamba yumo nchini kinyume cha sheria, kwa hiyo kuomba nakala ya pasipoti au ya kadi ya mgeni kabla ya kukabidhi ufunguo si uonevu, na mpangaji mwenye busara hatalichukia ombi hilo. Kinachovuka mpaka ni kuishika pasipoti yenyewe kama rehani ya kodi. Pasipoti ni mali ya serikali iliyoitoa, na hata mwenye jina lake ni mtunzaji tu. Vilevile, kibali kikiisha, mwenye nyumba hageuki kuwa afisa wa uhamiaji, wala amana (fedha ya dhamana aliyoiweka alipoingia) na vyombo vya mpangaji havigeuki kuwa vyake. Nimesikia tishio la "nitakuitia uhamiaji" likitumiwa kama njia ya kuikwepa amana ya shilingi elfu nane, na ni tishio linalofanya kazi kwa sababu tu kamba hizo mbili zimechanganywa kichwani mwa anayetishwa.

Tukiingia kwenye fedha, neno jingine linatutega. Kodi katika Kiswahili ni malipo ya nyumba na ni ushuru wa serikali pia. Ndiyo maana ndugu zetu wa Tanzania hupendelea kuyaita malipo ya nyumba pango. Kodi ya mapato yatokanayo na nyumba anadaiwa anayeyapokea mapato hayo, na mpangaji anayeambiwa aongeze kitu kila mwezi "kwa ajili ya kodi ya serikali" ana haki ya kuuliza ni kodi gani na imeandikwa wapi katika makubaliano yao.

Tofauti ya desturi inatatiza zaidi kuliko tofauti ya maneno. Anayetoka Tanga, Dar es Salaam au Unguja amezoea kulipa miezi mitatu, sita au hata mwaka mzima kwa mkupuo, pamoja na mwezi mmoja wa dalali, kisha akatulia. Malindi, kama sehemu nyingi za Kenya, hulipwa mwezi kwa mwezi, na siku ya kuingia huongezwa amana, ambayo wengi huiita diposti. Tuseme chumba ni shilingi 6,000 kwa mwezi. Siku ya kwanza fundi cherehani kutoka Tanga anatoa 12,000, na katika akili yake amelipa miezi miwili. Mwezi wa pili unapoanza halipi kitu, tarehe tano mwenye nyumba anabisha hodi, na kila mmoja anamwona mwenzake ni tapeli. Hakuna aliyedanganya. Nusu ya fedha zile ilikuwa kodi, ambayo imeshaliwa kwa mwezi uliopita, na nusu ilikuwa amana, ambayo ni fedha ya mpangaji inayokaa mkononi mwa mwenye nyumba kama dhamana. Ifananishe na chupa ya soda unayoiachia pesa dukani: ukiirudisha nzima, unarudishiwa pesa yako, na mwenye duka hawezi kuikata kwa sababu soda ulishainywa.

Kwa nyumba nyingi za kuishi hakuna sheria iliyoweka kiwango cha juu cha amana. Ni mapatano, na mwezi mmoja ndio mazoea ya kawaida katika vyumba vya bei ya chini. Inaweza kukatwa kwa kodi isiyolipwa, kwa bili za maji na stima zilizoachwa, na kwa uharibifu. Uchakavu ni jambo jingine. Rangi iliyopauka kwa miaka miwili ya upepo wa chumvi si kosa la mtu, ilhali kioo kilichovunjwa kwa mpira ni kosa. Na amana haihesabiwi kuwa kodi ya mwezi wa mwisho mpaka pande zote mbili zikubaliane hivyo, ingawa wapangaji wengi huifanya hivyo kimyakimya wakihofia kwamba hawatarudishiwa. Hofu yao naielewa, lakini kisheria wanakuwa wamechelewesha kodi.

Je, bila mkataba wa maandishi kuna upangaji? Upo. Sheria ya Ardhi ya 2012 inakubali upangaji wa muda mfupi, usiozidi miaka miwili, ufanywe kwa maandishi au kwa mdomo. Pale ambapo muda haukutajwa, kipimo huwa ni jinsi kodi inavyolipwa: anayelipa kwa mwezi ni mpangaji wa mwezi kwa mwezi, na notisi ya kuuvunja upangaji huo haipungui kipindi kimoja, yaani mwezi. Sharti hilo linawafunga wote wawili. Mpangaji anayeondoka ghafla tarehe 28 akidai amana yake siku hiyohiyo naye amevunja sharti alilotaka limlinde. Karatasi ikiwapo, masharti yake ndiyo yanayotangulia katika mambo mengi, kwa hiyo asiyejua Kiingereza asitie sahihi kabla ya kusomewa kwa lugha anayoielewa, tena na mtu asiyelipwa na ajenti.

Hapa pana uvumi mwingine wa kuondoa. Wapo wanaosema kwamba Kenya ina jopo la kodi za nyumba linalozuia kupandishwa kodi kiholela, na hilo ni kweli, ila Sheria ya Kudhibiti Kodi za Nyumba, Sura ya 296 ya Sheria za Kenya, inazigusa nyumba za kuishi ambazo kodi yake ya kipimo, yaani ile inayotambuliwa na sheria hiyo, haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi. Kiwango hicho kiliwekwa zama ambazo 2,500 ilikuwa fedha nzito. Leo chumba cha bei hiyo hupatikana, hasa ukienda kando ya mji, lakini nyumba nyingi zimekwisha kuvuka mstari huo na hutegemea Sheria ya Ardhi na makubaliano. Wengine hunukuu muswada wa wenye nyumba na wapangaji wa mwaka 2021 kana kwamba ni sheria. Muswada ni pendekezo. Anayekwenda kwa mwenye nyumba wake na kurasa za muswada anajiaibisha bure.

Anayepanga chumba cha duka yumo katika chumba kingine kabisa cha sheria, Sura ya 301, inayohusu wapangaji wa maduka, hoteli na nyumba za chakula. Asipokuwa na mkataba wa maandishi, au mkataba wake usipozidi miaka mitano, ana kinga kubwa kuliko mpangaji wa kuishi: notisi yake huwa ya miezi miwili au zaidi, kwa fomu maalumu, na anaweza kuipinga mbele ya jopo la sheria hiyo kabla haijaanza kazi. Fundi wetu wa Tanga, ikiwa ameweka cherehani mbele na kitanda nyuma ya pazia, aulize mapema anahesabiwa wapi.

Kuhusu matengenezo, Sheria ya Ardhi inachukulia kwamba, iwapo hawakukubaliana vingine, mwenye nyumba aliyepangisha sehemu tu ya jengo atatunza paa, kuta kuu na mifereji mikuu, na atamwacha mpangaji aishi kwa utulivu. Mpangaji naye atalipa kwa wakati, atatunza ndani, atamruhusu mwenye nyumba kukagua kwa saa za busara, na hatampangisha mtu mwingine bila ruhusa. Kwa paa za makuti jambo hili si la vitabuni. Makuti huvuja yakizeeka, na moto ukianza nyumba moja upepo huupeleka kwa jirani kabla ya watu kupata ndoo. Nyumba ikiungua bila uzembe wa mpangaji hata isikalike, kodi husimama mpaka ikalike tena, au hupungua kwa kiasi cha sehemu iliyoharibika. Maji ya kisima kuwa na chumvi, kwa upande mwingine, ni jambo la mji wenyewe. Yaonje kabla ya kulipa.

Kodi ikichelewa, mwenye nyumba ana njia halali, na mgeni anapaswa azijue ili atofautishe sheria na ubabe. Anaweza kudai mahakamani. Anaweza, kwa deni la kodi, kumtumia dalali wa mnada mwenye leseni kukamata mali, lakini nguo, matandiko na vifaa vya kazi vya mpangaji vinalindwa kwa kiasi kilichowekwa, na cherehani ni kifaa cha kazi. Anaweza kutoa notisi ya kuuvunja upangaji. Kama mpangaji bado anaishi humo na hataki kutoka, safari hiyo hupita mahakamani. Kubadilisha kufuli mtu akiwa sokoni, kung'oa mlango, kuezua bati au kukata maji ili atoke mwenyewe hakumo katika orodha hiyo. Kanuni ya Adhabu inafanya kuingia mahali kwa nguvu ili kupatwaa kuwa kosa hata kwa mtu mwenye haki ya mahali hapo. Chifu na mzee wa mtaa wanaweza kusuluhisha, na mara nyingi husuluhisha vizuri na haraka kuliko mtu yeyote, lakini hawana mamlaka ya kuamuru mtu atolewe.

Lipo jambo moja la pwani ambalo mgeni hawezi kulikisia, hata akitoka Nairobi, sembuse Lubumbashi. Hapa nyumba na ardhi iliyo chini yake zinaweza kuwa za watu wawili. Sheria ya Kiingereza iliyokuja na ukoloni husema kilichojengwa juu ya ardhi ni sehemu ya ardhi. Desturi ya Mombasa, Malindi na Lamu, yenye mizizi katika sheria ya Kiislamu, iliruhusu mtu kujenga nyumba yake juu ya kiwanja cha mwingine na kumlipa kodi ya kiwanja. Nyumba hizo zingalipo, na kurithiwa na kuuzwa huendelea. Nyingine zimesimama juu ya ardhi ya wakfu. Maana yake kwa mpangaji ni kwamba anayempa ufunguo huenda naye ni mpangaji wa namna fulani. Mwenye ardhi akiamua kuichukua na akashinda kesi, aliyemo chumbani husombwa pamoja na nyumba, na madai yake ya amana humrudia yule aliyempokea pesa, si mwenye ardhi asiyemjua.

Ushauri wa kawaida ni kufanya upekuzi katika ofisi ya usajili wa ardhi, nao unafaa kwa anayekodi nyumba nzima kwa miaka. Kwa chumba cha mwezi kwa mwezi, swali moja linatosha: kodi ya kiwanja hulipwa kwa nani? Mwenye nyumba mkweli hujibu bila kusita, na wengi watakuonyesha hata risiti. Anayekasirika kwa kuulizwa hivyo, mimi nisingempa amana ya zaidi ya mwezi mmoja. Majirani pia huwa wanajua. Kwenye baraza za Shela hakuna siri ya kiwanja inayodumu.

Baada ya yote hayo, haki isiyo na ushahidi ni ngumu kuidai, na hapa mgeni hujikwaa kwa namna yake. Mara nyingi anapofika hana laini iliyosajiliwa kwa jina lake, basi hulipa kwa M-Pesa ya rafiki. Miezi kumi baadaye ujumbe wote wa malipo unaonyesha jina la rafiki, ambaye amehamia Kilifi, na mwenye nyumba anaweza kusema kwa uso mkavu kwamba hajawahi kupokea senti kutoka kwa mtu huyu. Asajili laini kwa pasipoti yake mapema. Mpaka hapo, atumie daftari. Nimeliona moja, la kurasa 48, lenye jalada la kijani lililoliwa na mchwa pembeni: kila mwezi mstari mmoja, tarehe, kiasi kwa tarakimu na kwa maneno, jina la aliyelipa, na sahihi ya mwenye nyumba, mzee ambaye hutia dole gumba. Ukurasa wa kwanza uliandikwa "amana 5,000, si kodi". Maneno mawili yale ya mwisho yana thamani kuliko mkataba wa kurasa sita usiosomeka.

Amana ikizuiwa bila sababu na usuluhishi ukishindikana, dai la fedha lisilozidi shilingi milioni moja linaweza kupelekwa Mahakama ya Madai Madogo, iliyoundwa kwa sheria ya 2016, ambako mtu anaweza kujieleza bila wakili na kesi inatakiwa iishe ndani ya siku 60. Mahakama hiyo haigusi ugomvi wa nani amiliki au akae wapi. Hayo ni ya mahakama nyingine, ikiwamo ile ya Mazingira na Ardhi, ambayo ina kituo Malindi. Sajili ya mahakama ndiko mahali pa kuuliza fomu, na huko Kiswahili kinatosha kabisa.

Siku ya kuhama, kodi huendelea kuhesabika mpaka ufunguo urudi. Kwa hiyo mpangaji asiuache kwa jirani wala juu ya kizingiti. Aingie chumbani pamoja na mwenye nyumba mchana kweupe, wawashe taa, wafungue bomba, wasome mita, wapige picha za kuta nne na dari, kisha katika daftari lilelile, chini ya mstari wa mwezi wa mwisho, waandike: ufunguo umerudishwa, tarehe na saa.